Maua ya Mtu Anayefunguliwa Macho

Kibanda cha Esther kilikuwa mjini Musoma, ng'ambo ya barabara kutoka hospitali, na kwa sababu hiyo wateja wake wengi walikuwa wa aina mbili: waliopata mtoto na waliofiwa. Waliopata mtoto walikuja wakicheka, wakachukua chochote kilichokuwa mbele, wakaondoka. Waliofiwa walikuja kimya, wakasimama, na hao ndio waliomfundisha kazi.

Alijua kwamba mzee aliyekufa na wajukuu wake wamesimama husindikizwa na maua meupe. Mtoto hufungiwa shada dogo, jepesi, maana siku hiyo hakuna mwenye nguvu ya kubeba zito. Mgonjwa hapelekewi meupe matupu, kwa sababu ndugu zake watakuuliza umesikia nini kwa daktari ambacho wao hawajaambiwa. Mpelekee ya njano, na alizeti ikipatikana ni bora zaidi. Kipaimara kilikuwa na meupe yenye utepe mwekundu. Mahafali, rangi yoyote ile mradi ing'ae kwenye picha. Na kijana aliyemtaka binti wa watu alimshauri achukue waridi moja tu, jekundu, aache fungu zima, kwani fungu humfanya binti aanze kuuliza maswali ambayo kijana hajajiandaa kuyajibu.

Maua ya plastiki alikuwa nayo pia, nani asiyekuwa nayo. Lakini mawaridi halisi yalitoka Butiama, kwenye bustani ya mama yake, Petronila, nyuma ya nyumba ambayo marehemu baba yake Esther aliijenga kwa matofali ya kuchoma. Kila Alhamisi alfajiri Petronila alichuma, akakwangua miiba, akafunga maua kwenye majani ya mgomba na kumkabidhi Samweli wa bodaboda, ambaye aliyafikisha mjini kabla jua halijawa kali.

Kwa miaka mingi kazi hiyo ilikwenda bila neno. Mwaka huu ndipo ilipoanza kwenda kombo. Esther aliagiza mawaridi meupe kwa msiba wa katekista mmoja wa Kigera, na kwa sababu siku hiyo alikuwa na haraka, alimwambia Samweli apitilize moja kwa moja msibani, yeye atafungia shada hukohuko. Alipofika na kufungua majani ya mgomba, akakuta ya pinki yaliyochanganyika na ya njano. Shangazi mmoja wa marehemu alisema kwa sauti ya kusikiwa na wote, "Sisi tunazika, huyu anatuletea ya sendofu ya bibi harusi." Esther alimpigia mama yake simu akiwa palepale.

"Mama, nilisema nyeupe."

"Si ndizo nilizotuma."

"Mama, ni pinki. Ninazo hapa mbele yangu."

"Basi labda Samweli alichanganya."

"Samweli atachanganyaje, na anayefunga ni wewe? Kama umechoka na hii kazi, sema."

Tangu siku hiyo maua yaliendelea kuja kila Alhamisi, mara sawa, mara yamekosewa, lakini simu zao zikawa fupi: yamefika, asante, haya, usiku mwema.

*

Ilikuwa Alhamisi ya mwezi wa tatu, masika yakianza kunong'ona juu ya ziwa, mzee mmoja aliposimama mbele ya kibanda. Alivaa koti zito na gambuti zenye tope lililokauka. Aliyakagua maua kama mtu aliyekwenda mnadani kununua ng'ombe, ubavuni kwanza, halafu akazunguka nyuma.

"Shikamoo baba," Esther alisema.

"Marahaba, mwanangu. Nataka maua."

"Pole, baba." Maneno yalimtoka kwa mazoea. "Amefariki nani?"

"Hajafariki mtu." Mzee akavua kofia. "Ni mke wangu. Amefanyiwa operesheni ya jicho leo asubuhi, hapo ng'ambo. Kesho wanamfungua bandeji. Sasa mimi nataka akifunguliwa aone kitu. Ule ukuta wa hospitali umechubuka, sitaki aanze na ule."

Esther akamvutia kigoda. Mzee alijitambulisha kwamba anaitwa Keraryo, mkulima wa pamba na mfugaji wa vijijini huko Bunda, na mke wake anaitwa Wankyo. Macho yote mawili ya Wankyo yalikuwa yamefunikwa na mtoto wa jicho. Hilo la kushoto lilikuwa la kwanza kutibiwa. La kulia lingesubiri.

Esther alitazama ndoo zake za maua. Tangu aanze kazi hii hakuwahi kuulizwa swali kama hilo. Ya mgonjwa aliyajua, ya kuzaliwa aliyajua, ila huyu mama hakuwa mgonjwa kamili wala hakuwa amezaliwa.

"Mama mwenyewe anapendaga maua gani?"

"Wala sijui," Keraryo alisema. "Sisi hatujawahi kupeana maua. Mimi nilikuwaga nampelekea sukari."

"Ni muda mrefu haoni?"

"Haikuja kwa siku moja." Mzee aliizungusha kofia mikononi. "Alianza na mchele. Unakula, unasikia jiwe. Kesho tena jiwe. Mimi nikasema huyu mwanamke siku hizi amekuwa mvivu, hachambui. Nikamwambia hivyo hivyo. Akasema kibatari kina moshi. Nikanunua taa ya sola. Akasema sola inamuumiza macho. Kumbe alikuwa anaficha."

"Kwa nini afiche?"

"Aliogopa nitamwachisha shamba. Na mimi nilikuwa namgombeza kwa mawe ya kwenye mchele." Akatikisa kichwa. "Siku moja alinisalimia mimi akidhani ni jirani. 'Karibu, mwenye nyumba hayupo.' Ndiyo nikajua."

Esther aliinamia ndoo, akachagua, kwa kuwa mikono yake ilifikiri vizuri zaidi ikiwa na kazi. Akatoa matawi ya asumini na mawaridi mekundu yaliyoiva vizuri, akayaweka pamoja, akamsogezea mzee.

"Nusa, baba. Tuseme ukweli, kesho ni ya Mungu. Akijalia, mama ataona. Lakini kama mambo yakiwa tofauti, haya yananukia sana. Hata asipoyaona atayapata kwa pua. Hatakosa zawadi yake."

Aliona ameshauri vyema, na kwa mteja mwingine yeyote angekuwa ameshauri vyema. Keraryo alinusa. Alifumba macho kabisa alipokuwa akinusa. Kisha akayarudisha.

"Mazuri," alisema. "Ila nikimpelekea ya kunukia, atajua kwamba mimi sikuamini kama ataona."

Pikipiki ilipita, nyingine ikafuata. Esther aliyarudisha maua kwenye maji polepole.

"Ua la pamba," mzee alisema, kana kwamba anajibu swali lake mwenyewe. "Lile halinukii hata kidogo."

"La pamba?"

"Pamba ya mwaka huu kaipanda yeye. Mimi nilivuta kamba kwenye mstari, yeye akawa anaifuata kwa mguu, anainama, anadondosha mbegu. Shamba zima. Imeota, imefika kiunoni, sasa imechanua. Mimi ndiye ninamsimulia kila jioni. Yeye hajaiona."

Esther alilifahamu ua la pamba tangu utotoni. Asubuhi linapofunguka huwa na rangi ya siagi, kesho yake linageuka pinki, na keshokutwa limedondoka. Ni ua la siku moja. Muuza maua mwenye akili hawezi kuliuza.

"Ukikata tawi halitafika hata nusu ya njia," alimwambia. "Litanyauka mkononi. Ng'oa mche mzima na udongo wake. Tafuta wenye kitumba kilichovimba, kinachotaka kufunguka kesho. Uweke kwenye ndoo, umwagilie, ufunike na gunia bichi. Asubuhi litafumbuka lenyewe."

Keraryo alisimama na kuvaa kofia. "Sasa tunaongea," alisema. Hakununua kitu, na Esther hakutaka anunue. Alipokuwa amevuka nusu ya barabara aligeuka. "Utakuwepo asubuhi, mwanangu?"

"Nitakuwepo, baba."

Alikwenda zake stendi, akikanyaga haraka kama kijana aliyetumwa.

*

Furushi la Butiama lilikuwa bado halijafunguliwa. Samweli alikuwa amelileta mapema, na Esther aliliacha kivulini kwa sababu, tuseme kweli, siku hizi aliogopa kulifungua. Alikuwa ameagiza mekundu kwa harusi ya Jumamosi huko Buhare.

Alifungua kamba. Kulikuwa na mekundu. Kulikuwa na ya rangi ya chungwa. Kulikuwa na ya zambarau, yale meusimeusi ambayo hakuna bibi harusi anayeyataka. Akaanza kunung'unika, akiyatenga moja moja. Shina la kila ua lilikuwa limekwanguliwa miiba vizuri kama siku zote, mpaka chini, laini kama mpini wa jembe la zamani.

Kisha mkono wake ukagusa shina moja lisilo na ua. Petali zote zilikuwa zimepukutika, labda siku nyingi zilizopita, kikabaki kichwa cha kijani kitupu. Nalo lilikuwa limekwanguliwa miiba, limefungwa kwa uangalifu katikati ya wenzake.

Esther alilishika muda mrefu. Mtu anaweza kukosea rangi kwa haraka, au kwa uchovu, au kwa sababu bintiye amemuudhi. Lakini shina tupu hakuna anayelifunga akiliona.

Akakumbuka Krismasi. Mama yake alikuwa akimimina chai, ikajaa, ikamwagika mezani, naye akasema vikombe vya siku hizi ni vidogo. Wote walicheka. Akakumbuka mama alivyoacha kusoma somo kanisani, akisema wapewe nafasi vijana. Akakumbuka sauti yake kwenye simu. *Basi labda Samweli alichanganya.*

Alichukua simu, akatafuta jina la mama, akalitazama. Angemwuliza, na mama angesema yuko salama, mwanga tu ndio ulikuwa mbaya. Akairudisha simu mfukoni. Jioni alifunga kibanda mapema na kurudi kwake Bweri.

*

Alfajiri ilinyesha. Ilikuwa mvua kubwa ya upepo iliyotoka ziwani na kupiga mabati kama watu wanaomwaga kokoto. Esther alikuwa kibandani kabla hata wauza chapati hawajawasha moto. Keraryo alishuka kwenye gari la kwanza kutoka Bunda, amelowa kuanzia kofia hadi gambuti, amekumbatia ndoo.

"Mvua imelipiga," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeleta habari ya msiba.

Mche ulikuwa umelala upande. Tawi moja lilivunjika. Kulikuwa na ua la jana lililokwisha kujikunja, la pinki, na kulikuwa na la leo. Lilikuwa limefunguka njiani, chini ya gunia, rangi ya siagi kabisa, ila petali moja ilikuwa imechanika katikati.

"Leta," Esther alisema.

Alikata tawi lililovunjika kwa mkasi. Akachomeka fito nyembamba kwenye udongo, akaunyanyua mche na kuufunga kwa uzi wa kijani, kama anavyofunga mayungiyungi yenye shingo laini. Akafuta tope kwenye majani kwa kitambaa. Keraryo alimtazama kwa makini.

"Hiyo iliyochanika tuikate?" aliuliza.

"Iache, baba. Tukiikata litaonekana na pengo."

Walivuka barabara pamoja. Esther alijiambia anamsaidia mzee kubeba, ingawa mzee hakuachia ndoo hata mara moja. Mlinzi wa getini aliitazama ndoo, akamtazama mzee.

"Mzee, shamba hatulilazi hapa."

Bahati nzuri Nesi Jeska wa kliniki ya macho alikuwa akiingia zamu, na alikuwa mteja wa Esther; maua ya kipaimara ya bintiye yalitoka kibandani kwake. Alisikiliza habari yote akiwa amesimama na mwamvuli.

"Wodini udongo hauingii, huo ni utaratibu," alisema. "Lakini wa jana tunawafungulia barazani, pale kwenye benchi. Baraza siyo wodi."

Mvua ilikuwa imekatika. Mwanga uliosafishwa na mvua ulikuwa umejaa barazani, na kwenye benchi walikaa wazee wanne watano, kila mmoja na bandeji kwenye jicho moja. Wankyo alikaa mwisho. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, kitenge kimefungwa kifuani vizuri, mikono juu ya magoti. Kabla mtu hajasema neno aligeuza uso.

"Keraryo, umelowa," alisema. "Hilo koti linanuka mbuzi."

"Ni mvua," alijibu mumewe.

Nesi Jeska aliinama mbele yake. Akatoa plasta taratibu, akaondoa pamba na kupangusa. "Usifungue haraka, mama. Pole pole. Ukijisikia."

Keraryo aliinyanyua ndoo mpaka kifuani na kuishika hapo kama mzazi aliyempeleka mtoto kubatizwa. Esther alisimama nyuma yake kidogo. Aligundua kwamba anaomba, na kwamba hamwombei Wankyo peke yake.

Jicho likafunguka. Lilikuwa jekundu, na machozi yalitiririka mara moja mpaka kidevuni. Wankyo alipepesa, akapepesa tena. Uso wake haukuonyesha kitu. Muda ukapita, mzee akaisogeza ndoo karibu. Ndipo Wankyo alipoinama mbele. Akainua mkono, na ule mkono haukupapasa. Ulikwenda moja kwa moja kwenye kitumba cha chini, chini ya jani, ukachomoa kitu.

"Hii pamba ina funza," alisema.

Kwenye ncha ya kidole chake kulikuwa na mdudu wa kijani, mwembamba kama uzi wa kushonea.

"Wapi?" Keraryo alisema.

"Si huyu hapa. Na tundu lake hili. Umepulizia dawa lini?"

Keraryo alijaribu kujibu. Ndoo ikaanza kutetemeka mpaka majani ya pamba yakawa yanapiga kelele ndogo. Nesi Jeska aliipokea kutoka mikononi mwake na kuiweka sakafuni.

Wankyo sasa alikuwa ameliona ua. Aligusa petali iliyochanika kwa nyuma ya kidole. "Na hili limefunguka leo."

"Leo," mumewe alisema hatimaye. "Nililiambia lisubiri."

Wankyo alimwinulia uso. Alimtazama bila haraka, paji la uso, ndevu zilizokuwa nyeupe, na machozi yake yalikuwa yakiendelea kutoka, labda ya dawa. Kisha alisogea kwenye benchi.

"Kaa basi. Umesimama kama mgeni."

Keraryo akakaa. Wankyo alichukua ncha ya kitenge, akaanza kumfuta maji ya mvua usoni, shavu moja na la pili, na mzee yule mkubwa alitulia kama mtoto anayeogeshwa.

"Na huyu binti ni nani?" Wankyo aliuliza baadaye.

"Ndiye mtaalamu wa maua."

"Kwani maua yana mtaalamu?"

"Yanaye," Keraryo alisema. "Alinieleza namna ya kulileta."

Esther alikwenda pembeni, akapenga kamasi. Nesi Jeska alipompitia na trei, Esther alimshika mkono.

"Dada, hii kliniki mtu anafikaje? Anaanzia wapi?"

"Nani anaumwa?"

"Mama yangu," Esther alisema, na ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kuyasikia maneno hayo yakitoka kinywani mwake.

Kabla Esther hajaondoka, Wankyo alimwita na kumpa namba ya simu ya Keraryo. "Usije ukanipotea," alisema. "Nimekuona sasa."

*

Mchana huo Esther alipanda pikipiki ya Samweli kwenda Butiama. Nyumbani mlango ulikuwa wazi na hakukuwa na mtu ndani. Alizunguka nyuma.

Petronila alikuwa ameinama bustanini, mgongo kwa binti yake. Alikuwa akipapasa shina la mwaridi, karibu kabisa na ardhi, kama mtu anayetafuta sarafu. Alipapasa la pili. Esther alisogea bila kusema, akaona alichokuwa akitafuta. Kwenye shina moja kulikuwa na kizibo cha soda kilichofungwa kwa waya. Kwenye jingine kulikuwa na kamba ya katani yenye mafundo. Kwenye mashina mengine kilibaki kipande kidogo cha kitambaa kilichotafunwatafunwa.

"Nani?" Petronila aliuliza, bado ameinama.

"Ni mimi, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Esta? Leo si Ijumaa? Harusi ya watu je?"

"Harusi ni kesho." Esther alichuchumaa kando yake, akashika kile kipande cha kitambaa. "Hivi ni vya nini?"

"Vitambaa ni nyeupe," mama yake alisema. "Vizibo ni nyekundu. Katani ni pinki. Ilikuwa inakwenda vizuri kabisa. Halafu mbuzi wa jirani wakaingia, wakala vitambaa. Nikavifunga tena, nadhani nikakosea mistari."

Esther alitaka kucheka, akajikuta analia. Aliuma mdomo ili mama asisikie.

"Ulianza lini, mama?"

"Krismasi. Siyo hii. Ile nyingine."

"Kwa nini hukuniambia?"

Petronila alikaa chini kabisa, kwenye udongo wenye unyevu, akanyoosha miguu. "Ungeanza kuagiza maua Arusha," alisema. "Ungekuwa na haki. Mtu ana duka. Lakini nilisema, nikiacha maua, huyu mtoto atakuwa ananipigia simu ya nini kila wiki?"

Esther alikaa pale pale kwenye tope na sketi yake ya mjini. Alichukua mkono wa mama yake, wenye makovu madogo ya miiba mpaka kwenye kifundo, akauweka mapajani mwake.

"Nisamehe kwa ile simu ya msibani, mama. Nilikusemesha vibaya."

"Zilikuwa pinki kweli?"

"Pinki kabisa. Na njano."

Petronila alifikiri. "Maskini katekista," alisema, na mabega yake yakaanza kutikisika, na wote wawili wakacheka kwa muda mrefu kuliko jambo lenyewe lilivyostahili.

Kuhusu hospitali, hata hivyo, alikataa katakata. Alimjua mama mmoja wa parokiani aliyekwenda akiona kidogo akarudi haoni kabisa. Bora hiki kidogo, alisema. Esther alieleza, akabembeleza, akamtaja Nesi Jeska. Petronila alikuwa akichambua majani ya mboga kwa kupapasa na kusema "mh" kila baada ya sentensi. Giza lilipoingia, Esther alipiga ile namba ya Bunda na kumwomba mama yake aongee.

Simu iliwekwa sauti kubwa juu ya meza.

"Mama, mimi siwezi kukudanganya," sauti ya Wankyo ilisema, baada ya salamu ndefu. "Inawasha kama umekata kitunguu. Na usiku ule wa bandeji unaogopa. Nilimlaani kila mtu."

"Na sasa umeona nini?" Petronila aliuliza, ameegemea simu.

"Nimeona mabaya tu. Nyumba chafu. Huyu mzee alikuwa ananiambia anafagia. Kuku wangu wawili siwaoni, sijui wamekwenda wapi. Pamba nimebananisha upande mmoja, upande mwingine nimeruka. Ila leo jioni nimechambua mchele. Nimekaa mlangoni na ungo, nimetoa kila jiwe. Njoo, mama. Uone ya kwako."

Simu ilipokatika, Petronila aliipapasa mezani, akamrudishia Esther. Kisha alimwuliza binti yake kliniki ilikuwa siku gani.

Asubuhi yake walichuma pamoja maua ya harusi ya Buhare. Esther alisema rangi, akajaribu kukata moja mbili, Petronila akakata mengine yote, maana mkono wake bado ulijua pembe ya kisu vizuri kuliko wa mtu yeyote.

*

Petronila alifanyiwa operesheni baada ya Pasaka. Siku mbili kabla yake Esther alikosa usingizi kwa sababu ya swali la kipumbavu: amletee maua gani. Alizipitia ndoo zote kibandani, akaona kila ua lililokuwemo mama yake alilipanda au alikataa kulipanda. Mwishowe alimwuliza mwenyewe.

"Maua?" Petronila alisema. "Niletee uji. Uwe na ndimu."

Kwa hiyo alipofunguliwa bandeji pale barazani, kitu cha kwanza alichokiona kilikuwa chupa ya chai ya bluu iliyojaa uji, mkononi mwa binti yake. Alisema ni ya bluu. Alisema hivyo mara kadhaa, kwa mtu yeyote aliyepita, mpaka Nesi Jeska akamwambia, ndiyo mama, ni ya bluu.

Walirudi Butiama kesho yake. Esther alitaka apumzike, lakini Petronila alipitia mlango wa mbele na kutokea wa nyuma bila kukaa. Alisimama kwenye ukingo wa bustani, kiganja juu ya jicho. Mvua zilikuwa zimeyakuza magugu, na katikati ya magugu mawaridi yalikuwa yamechanua ovyo, yale mekundu yakiwa yamepanda juu ya meupe, chungwa likiwa pale ambapo halikupandwa na mtu yeyote anayemkumbuka.

Alitazama kwa muda. Kisha akaanza kutembea kati ya mistari, akigusa hiki na kile, akivisema kwa sauti ya chini kama watoto waliomfanyia fujo alipokuwa safarini. Huyu ana vidukari. Huyu amekatwa vibaya, nani alimkata huyu. Esther alisema ni yeye, Jumamosi ile.

"Hukati hapo," Petronila alisema. "Njoo nikuonyeshe."

Esther alivua viatu, akaingia bustanini.